Namba Mbili kwenye Faili la Dada Yangu

Faili la kujifungulia la dada yangu lina karatasi moja ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Chini ya jinsia na uzito wa mtoto pana visanduku viwili, na ndani yake namba mbili za wino wa bluu: 9 kwenye dakika ya kwanza, 10 kwenye dakika ya tano. Anayejua kuzisoma atakwambia mtoto huyo alitoka mzima, akalia kwa nguvu, akakunja miguu na mikono, moyo ukidunda vizuri.

Mtoto huyo hakulia. Nilikuwa nje ya leba, nimesimama karibu na mlango wenye pazia, na bibi mmoja aliyekuwa akimsubiri mkwewe alinishika mkono akaniuliza, "Mbona kimya?" Nikasikia viatu vinakimbia, kabati linafunguliwa, mtu anasema "leta ambu, leta ambu," yaani ule mfuko wa kumpulizia hewa mtoto asiyepumua, kisha kimya tena. Bibi yule aliendelea kunishika mkono. Sauti ya mtoto ilipokuja ilikuwa nyembamba, kama ya paka aliyezaliwa jana, na ikakatika. Usiku ule ule alipata degedege.

Leo ana miaka sita na hajatembea. Mtindio wa ubongo, ndivyo tulivyoambiwa. Daktari wa watoto alipoomba kumbukumbu za kuzaliwa ili ajue tatizo lilianzia wapi, tulimpelekea faili lenye 9 na 10. Alilitazama, akalifunga taratibu, akasema, "Hili halitatusaidia."

Jina la hospitali sitalitaja, na mkunga wa usiku ule simdai kitu. Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi: namba zile zina mwenyewe. Ziliwekwa na mtu mwenye jina, mwanamke, daktari wa Marekani Virginia Apgar, na nimekutana na wauguzi wanaoandika jina lake mara kumi kwa zamu moja wakiamini ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza. Nilipoanza kumsoma nilitaka tu kuelewa namba za mpwa wangu. Nilichokuta ni maisha ya mtu ambaye, kama angekuwepo kwenye leba ile, angeikataa karatasi ile mbele ya wote.

Alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 huko Westfield, New Jersey, Marekani. Kaka yake mmoja alikufa mdogo kwa kifua kikuu na mwingine aliishi na maradhi yasiyokwisha, kwa hiyo hodi ya daktari haikuwa ngeni nyumbani kwao. Baba yake alifanya kazi ya bima, lakini moyo wake ulikuwa kwenye redio na nyota, akijenga mitambo yake mwenyewe nyumbani. Binti akafuata mkondo huo huo wa kushika vitu kwa mikono. Chuoni Mount Holyoke alisoma zuolojia, na ili apate fedha za kujikimu alifanya vibarua vya kila aina, kimojawapo kikiwa ni kukamata paka wa mitaani kwa ajili ya maabara. Alimaliza mwaka 1929, akaingia chuo cha udaktari cha Columbia, New York, wiki chache tu kabla soko la hisa la Marekani halijaanguka na kuzamisha uchumi wa nchi nzima. Alihitimu mwaka 1933 akiwa wa nne darasani, na deni la karibu dola 4,000 mgongoni.

Alitaka kuwa daktari wa upasuaji, na hapa ndipo maisha yake yalipopinda.

Mkuu wa upasuaji, Allen Whipple, alimwona ana uwezo, hilo halikuwa na ubishi. Lakini alikuwa ameshawafundisha wanawake wengine kabla yake, na akawaona wakikosa wagonjwa wa kuwawezesha kuishi kwa kazi hiyo. Ajira zilikuwa adimu hata kwa wanaume. Akamshauri aende kwenye dawa za usingizi, fani ambayo wakati ule ilifanywa zaidi na wauguzi na ambayo madaktari wengi hawakuihesabu kuwa udaktari kamili. Wapo wanaoisimulia habari hii kama dhuluma tupu, na wapo wanaoisimulia kama busara ya mzee aliyeona mbali. Whipple alikuwa na haja ya kweli: upasuaji usingeweza kusonga mbele kama usingizi ungebaki nyuma, na alitaka mtu mwenye akili na nguvu kama Apgar aushughulikie. Haja hiyo naikubali. Lakini sikubali kwamba msichana aliyeshika nafasi ya nne darasani alipaswa kuachia ndoto yake kwa sababu wagonjwa hawakutaka kupasuliwa na mwanamke. Mlango ulifungwa kwa upole, kwa ushauri mwema, na ukawa umefungwa.

Akaenda. Mwaka 1937 alikwenda Madison, Wisconsin, kwa Ralph Waters, mmoja wa waasisi wa fani hiyo, kisha akarudi New York kuendelea na mafunzo katika hospitali ya Bellevue. Kilichomsumbua kuliko masomo kilikuwa mahali pa kulala, maana makazi ya madaktari yalikuwa yamejengwa kwa ajili ya wanaume. Mwaka 1938 akakabidhiwa kitengo cha usingizi cha hospitali ya Presbyterian, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kitengo pale. Alikuwa karibu peke yake. Vijana hawakutaka kujiunga kwa sababu malipo yalikuwa duni na madaktari wa upasuaji waliwaona kama wasaidizi. Kwa miaka 11 alifundisha, akaajiri, akalea, akapambana hadi kitengo kikasimama. Mwaka 1949 uongozi ulipopandishwa hadhi, kiti alipewa mwanaume, Emanuel Papper. Apgar akafanywa profesa kamili, mwanamke wa kwanza kufikia daraja hilo katika chuo cha udaktari cha Columbia. Aliyejenga nyumba akapewa chumba.

Hapo ndipo alipohamishia nguvu zake leba. Na tufikirie daktari wa usingizi anasimama wapi. Husimama kichwani pa mgonjwa, kimya, akitazama pumzi na mapigo wakati wengine wote wameinama upande wa pili. Akiwa amesimama pale Apgar aliona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Mtoto akishatoka, leba nzima inamgeukia mama: kondo la nyuma, damu, kushona. Mtoto anafungwa nguo na kuwekwa pembeni. Akiwa mdogo sana, au wa bluu na hapumui vizuri, aliweza kuandikwa mfu na kuachwa, wala hakuna aliyeona amefanya kosa. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumtazama mtoto.

Takwimu za Marekani za miaka ile zilikuwa zikisema jambo hilo hilo. Vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilikuwa vikishuka, lakini vifo vya siku ya kwanza vilikuwa vimekwama palepale. Dawa mpya, maji safi na chakula bora vilimwokoa mtoto wa miezi sita. Mtoto wa dakika sita hakuguswa.

Ningeomba msomaji asiipite sehemu hii haraka, kwa sababu ni habari yetu pia. Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto nchini Tanzania zinaonyesha kwamba mwaka 2010, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 81 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa 2015/16 wakawa 67. Mwaka 2022 wakawa 43. Hiyo ni kazi kubwa ya chanjo, vyandarua na dawa, na tuna haki ya kujivunia. Sasa angalia wanaokufa ndani ya siku 28 za kwanza: 26, kisha 25, kisha 24. Miaka kumi na miwili, na namba imesogea kwa watoto wawili. Tulipo leo ndipo Apgar aliposimama miaka ya 1940, kichwani pa kitanda, akiuliza kwa nini wadogo kuliko wote hawafikiwi.

Habari ya jinsi mfumo wake ulivyozaliwa ni fupi. Mwaka 1949, wakati wa kifungua kinywa kwenye kantini ya hospitali, mwanafunzi wa udaktari alimuuliza mtoto mchanga apimwe vipi. Apgar akajibu kwamba hilo ni rahisi, akachukua karatasi iliyokuwa karibu, akaandika mambo matano, kisha akainuka akaenda leba kuyajaribu. Habari hii hupendwa kwa sababu inaonekana kama radi ya akili. Mimi sioni radi. Naona mtu aliyekuwa amejifunza kwa miaka kutazama pumzi, mapigo na rangi ya mgonjwa aliyelala usingizi asiyeweza kusema anajisikiaje, kisha akaulizwa kuhusu mgonjwa mwingine asiyeweza kusema. Fani iliyodharauliwa ndiyo iliyompa macho.

Mambo matano yenyewe ni haya: moyo unadunda kwa kasi gani, anapumua vipi, misuli imekaza au imelegea, akiguswa au akisisimuliwa anafanya nini, na rangi yake ikoje. Kila moja lina alama 0, 1 au 2. Moyo usiodunda ni 0, ulio chini ya mapigo 100 kwa dakika ni 1, zaidi ya hapo ni 2. Anayelia vizuri anapata 2 ya pumzi, anayepumua kwa kukatakata anapata 1. Aliyelegea kama kitambaa kilicholowa anapata 0 ya misuli. Jumla ya juu kabisa ni 10, na inachukuliwa dakika moja baada ya mtoto kutoka. Ile ya dakika ya tano iliongezwa baadaye. Hapahitajiki mashine. Panahitajika macho, masikio, vidole viwili na saa. Mkunga wa zahanati iliyo mwisho wa barabara ya vumbi anaweza kufanya kipimo kile kile kinachofanywa New York, usiku ule ule, bila umeme.

Aliuwasilisha mwaka 1952 na kuuchapisha mwaka 1953, akiwa amepima watoto zaidi ya 1,000. Waliopata kati ya 0 na 2, walikufa 14 kati ya kila 100. Waliopata 8 na kuendelea, alikufa takriban mmoja tu kati ya kila 1,000. Kabla ya hapo daktari mmoja angesema mtoto "amechoka kidogo," mwingine angesema "yuko vizuri," na ubishi ungeishia hapo. Sasa watoto wa hospitali mbili waliweza kulinganishwa, na watoto wa dawa mbili pia. Na watu waliona aibu kuandika namba ndogo, wakaanza kufanya kitu ili ile ya pili iwe kubwa.

Aibu hiyo ndiyo iliyoleta mema na ndiyo iliyoleta karatasi ya dada yangu. Nitairudia.

Kwanza niseme juu ya rangi, kwa sababu sisi ndio inatuhusu. Mtoto wa kupata alama 2 anatakiwa awe wa waridi mwili mzima. Waridi gani kwa mtoto wetu? Nilidhani nitakuta Apgar hakuliwaza hilo, kama wengi wa zama zake. Nikakuta kwamba katika makala yake ya kwanza kabisa aliandika wazi kuwa rangi ndiyo dalili isiyoridhisha kuliko zote tano, iliyozua mabishano mengi zaidi kati ya wapimaji, na akataja weusi wa kurithi wa ngozi kama sababu mojawapo ya ugumu huo. Alijua. Aliiacha ndani hata hivyo, na miaka zaidi ya 70 baadaye bado imo, ingawa wapo madaktari wanaodai iondolewe kwa sababu inawapunja watoto weusi alama au inawachanganya wapimaji. Wakunga wetu hawakusubiri ubishi huo uishe. Mama yangu, ambaye alikuwa muuguzi mkunga kwa miaka 31, hakuwahi kutazama ngozi ya mgongo. Hufungua mdomo wa mtoto atazame ulimi na fizi, kisha hugeuza nyayo. "Ulimi haudanganyi," huniambia. Maarifa hayo yanastahili kuandikwa kwenye mwongozo kwa maneno mazito, yasibaki mdomoni mwa wastaafu.

Kilichonifanya nimpende Apgar ni jambo jingine. Alipoanza kupanga alama kwa kufuata dawa ambayo mama alipewa, akiwa na wenzake Stanley James na Duncan Holaday waliokuwa wakipima damu ya watoto wachanga, iligundulika kwamba gesi ya usingizi iitwayo saiklopropani iliwafanya watoto watoke wamelegea kuliko dawa nyingine. Gesi hiyo alikuwa akiipenda. Alikuwa ameitumia kwa miaka, kwa mikono yake, kwa akina mama wasio na idadi. Inasimuliwa kwamba alipoona matokeo alisema tu kwamba basi, gesi aipendayo ndiyo hiyo imekwenda, na akaacha kuitumia leba. Hakusema takwimu zina kasoro, wala hakuomba miaka mingine ya kuchunguza. Namba zake mwenyewe zilimhukumu, akakubali hukumu.

Mwaka 1958 alitoa ripoti ya pili, ya watoto 15,348. Na katika maandishi yake ya baadaye alisisitiza sharti ambalo, nikikumbuka faili lile, hunichoma: anayetoa alama asiwe yule yule aliyemzalisha mama. Aliyezalisha ana moyo wake ndani ya jambo lile. Amehangaika, anataka mambo yawe yameisha vizuri, atampa mtoto 10. Apgar alishaliona hilo kwa madaktari wakubwa wa New York, watu wasiomwogopa msimamizi yeyote. Kwa hiyo alitaka pawe na jicho la pili.

Sasa jicho la pili litoke wapi kwetu? Usiku ule, kwa nilivyohesabu mimi kutoka nje ya pazia, mkunga alikuwa mmoja na akina mama walikuwa wanne. Yeye ndiye aliyepokea mtoto, yeye ndiye aliyekata kitovu, yeye ndiye aliyemkausha kwa kanga na kumvika ile kavu, yeye ndiye aliyekimbilia ambu, na saa mbili baadaye, mama wa tatu akiwa ameshajifungua, yeye ndiye aliyekaa kujaza mafaili yote kwa kukumbuka. Nilimuuliza mama yangu kama yeye amewahi kuandika 9 isiyo ya kweli. Alinyamaza kwa muda, akaniambia, "Mwanangu, ukiandika 3, kesho asubuhi utaulizwa ulifanya nini. Ukiandika 9, hakuna anayekuuliza."

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la mfumo zaidi kuliko la mkono ulioandika. Namba iliyotungwa ili mtoto atazamwe tumeigeuza kuwa namba ya kumlinda mkubwa. Vikao vya kujadili vifo vya akina mama na watoto wachanga vimewekwa, na kwa maandishi lengo lake ni kujifunza, pasiwepo wa kulaumiwa. Muulize muuguzi yeyote aliyewahi kuitwa kwenye kikao kama alitoka amejifunza au alitoka ameandika maelezo. Mpaka 3 ya kweli ipokelewe kwa shukrani, mafaili yetu yataendelea kujaa watoto wa 9 na 10 wanaoishia kliniki ya mazoezi ya viungo.

Wapo watakaosema alama hizi zimepitwa na wakati. Wana hoja. Mafunzo ya siku hizi yanataka mtoto asiyepumua aanze kusaidiwa mara moja: akaushwe, asuguliwe mgongo, njia ya hewa isafishwe pale inapohitajika, na ndani ya dakika ya kwanza awe anapumua au anapumulishwa kwa ambu. Ukisubiri dakika moja iishe ndipo uhesabu alama, umeshapoteza kile wanachokiita dakika ya dhahabu. Wakunga walipofundishwa hivyo katika hospitali 8 hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Karibu nusu, kwa mafunzo, ambu na mwanasesere wa kufanyia mazoezi. Ni kweli pia kwamba alama ndogo haimtabirii mtoto maisha yake. Wengi waliopata 3 wanakimbia shuleni sasa hivi, na madaktari wameonya mara nyingi kwamba namba hiyo isitumiwe kupimia akili ya mtoto wala kumtafutia mtu hatia. Sidai kwamba 3 ya kweli ingemponya mpwa wangu. Ingetufanya tumpeleke mazoezi akiwa na miezi miwili, wakati ubongo bado laini. Tulimpeleka akiwa na miezi kumi na nne, kwa sababu kila tulipouliza, faili lilitujibu kwamba alizaliwa vizuri.

Apgar mwenyewe hakuishia hapo. Akiwa anakaribia miaka 50, alikwenda Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kusoma afya ya jamii, kwa sababu aliona hesabu zake za takwimu hazitoshi. Fikiria profesa mwenye jina duniani anarudi kukaa kwenye dawati. Kutoka hapo hakurudi leba. Alijiunga na taasisi ya March of Dimes, iliyoanzishwa kupambana na polio na ambayo, baada ya chanjo kupatikana, ilikuwa imegeukia kasoro za kuzaliwa. Alizunguka akizungumza na wazazi, wabunge na wafadhili juu ya watoto ambao familia za wakati ule ziliwaficha ndani. Mlipuko wa rubella, ugonjwa unaomdhuru mtoto akiwa tumboni, wa 1964 na 1965 ulipoacha maelfu ya watoto viziwi, vipofu na wenye moyo mbovu, sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizodai chanjo. Mwaka 1972 alishiriki kuandika kitabu cha kuwaeleza wazazi mambo haya kwa lugha yao.

Watu waliofanya kazi naye wanamkumbuka akitembea na kisu kidogo na mpira wa kupitishia hewa kwenye mkoba, kwa sababu, alivyokuwa akisema, hakuna mtu atakayeacha kupumua mbele yake yeye. Alipiga fidla na viola, na alijifunza kuchonga vyombo hivyo kwa mgonjwa wake aliyekuwa mtengenezaji, Carleen Hutchins. Ubao wa nyuma wa viola mojawapo ulikuwa rafu ya kibanda cha simu cha hospitalini: waliutamani ubao ule, wakaenda usiku wakauchomoa na kuweka mwingine mahali pake. Alifariki tarehe 7 Agosti 1974, katika hospitali ile ile aliyoanzia kazi.

Sikubaliani naye kwa kila kitu. Hakujiunga na harakati za wanawake, na alipenda kusema kwamba mwanamke yuko huru tangu anapotoka tumboni kwa mama yake. Faraghani, marafiki walimsikia akilalamikia mishahara isiyo sawa. Naelewa kwa nini mwanamke wa kizazi chake alichagua kunyamaza na kufanya kazi. Kila mlango aliopita ulimtaka asilalamike. Lakini kile kiti cha 1949 hakikupotea kwa kukosa bidii, na wasichana waliomfuata walihitaji kulisikia hilo kutoka kinywani mwake. Leba zetu zinaendeshwa na wanawake, wengi wao wakilipwa kidogo na kulaumiwa sana, na somo la kunyamaza na kufanya kazi wamefundishwa vya kutosha.

Jumapili iliyopita mama alikuja kwa dada. Nilimwomba anionyeshe walivyokuwa wakihesabu moyo kabla ya kuwa na vifaa. Akasema kwa mtoto mchanga unashika kitovu pale kinapoungana na tumbo, kwa vidole viwili, na kwa mkono mwingine unagonga meza kila moyo unapodunda ili wenzako wote chumbani wajue bila kuuliza. Unahesabu kwa sekunde sita, kisha unazidisha kwa kumi. Mjukuu wake amelala kwenye mkeka, kanga imekunjwa chini ya kichwa. Mama akapiga magoti, akamwekea vidole kifuani, akaanza kugonga sakafu kwa mkono wa kushoto huku macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. Mtoto akacheka kwa ile sauti yake. Sekunde sita.

"Kumi," mama akasema. "Andika mia."